Alama ya Mlima

Nobert alikuwa na kamera, na kamera ile ilikuwa na kigurudumu chenye alama kumi, na katika alama hizo kumi Nobert aliijua moja. Tusimcheke mapema. Wapo watu waliojaliwa mashamba, wake wazuri na akili, na hawajui matumizi ya hata kimoja. Yeye angalau hiyo moja aliijua barabara, na kwa miaka mitatu ilikuwa imempa jina.

Kamera aliipata Ibanda, alipokuwa akibeba mizigo ya wageni wanaopanda mlimani, katika ile miezi ambayo mpunga wake kule Mubuku haukuhitaji mikono yake. Mgeni mmoja Mjerumani, mzee mpole mwenye magoti mabovu, alishindwa safari siku ya pili, akarudishwa chini huku Nobert akimshika mkono kwenye matope njia nzima. Siku ya kuagana akamwachia ile kamera ndogo ya kijivu. Mzee hakujua Kiswahili, Nobert hakujua Kijerumani, basi somo lote likafanyika kwa vidole. Mzee alizungusha kigurudumu hadi kwenye kialama cha mlima wenye vilele viwili, akaelekeza kamera kwenye Rwenzori, ambayo asubuhi ile ilikuwa imejifunua bila wingu hata moja, akabonyeza. Picha ikatoka safi, theluji nyeupe na miamba myeusi. Nobert akaitikia kwa kichwa kuonyesha kwamba ameelewa.

Alichokielewa ni hiki. Alama ya mtu anayekimbia ni ya wacheza mpira. Ua ni la wenye bustani. Mwezi na nyota ni vya walinzi na walevi. Yule mwanamke mwenye kofia pana, huyo hakuhitaji kuelezwa: ni wa wanawake wa Kizungu, maana hata wanaopita Ibanda huja na kofia za namna ileile. Na mlima je? Mlima ni wetu. Yeye alizaliwa Rukoki, kwenye mteremko ambao ukiangusha chungu unakifuata bondeni, na baba yake alizaliwa juu zaidi ya hapo. Mzee wa watu alikuwa amemwekea kamera kwenye alama ya watu wa kwao. Tangu siku hiyo hakukigusa tena kigurudumu, na maneno yaliyotokea kwenye kioo hayakumsumbua, kwa kuwa yote yalikuwa ya Kijerumani, marefu kama gari moshi.

Ajabu ni kwamba mambo yalimnyookea. Alipiga waliobatizwa wakitoka mtoni, wakulima wa mpunga wamejipanga kando ya mfereji, kwaya nzima na mchungaji wake. Wote walisimama juani, na wote walisimama mbali, maana watu arobaini hawaingii kwenye picha mpaka mpigaji arudi nyuma hatua ishirini. Vifungo vya mashati vilihesabika. Wakamwita Nobert wa Picha, naye akalizoea jina, akaanza na kuzibeza simu za watu. Picha ya simu, alikuwa akisema, ni kama mate, unatema na yanakauka.

Sasa Nobert alikuwa na dada mdogo, Docus, mjane wa Bwera, ambaye nyumba yake ilitazamana na barabara iendayo mpakani. Miaka mitano nyuma alimpangisha chumba cha nyuma msichana mmoja aitwaye Gorret, muuza samaki wakavu. Gorret alijifungua mtoto wa kike, na siku ya sita akafariki. Baba wa mtoto, Huzaifa, alikuwa dereva wa lori, Mwislamu wa Bombo huko mbele ya Kampala. Alifika siku ya tisa, akalia mlangoni kama mtoto, akampa bintiye jina la Jamira, akamwomba Docus amlee mpaka mtoto apate akili. Docus alikuwa na miaka arobaini na sita na wanawe walikwisha kuwa wanaume wenye nyumba zao. Alimpokea yule mtoto akidhani anabeba mzigo, kumbe ndiye aliyebebwa. Jamira alijua mama mmoja tu duniani.

Hakuna aliyemdanganya Docus. Mtoto ni wa ukoo wa baba. Wakonzo, watu wa mlimani kama Docus, wanalijua hilo na watu wa Bombo wanalijua. Ila kujua kwamba siku itafika si sawa na kuiona imefika. Huzaifa alikuwa ameoa, Jamira anatakiwa kuanza shule, na shangazi yake angekuja kumchukua siku ya Alhamisi.

Katika ukoo wao kina Docus, mwanamke aliyelea mtoto wa watu hupewa mbuzi. Si malipo, maana hakuna anayeweza kulipa kitu kile. Ni namna ya kufunga maneno. Anayekuja kuchukua mtoto hunyoosha kamba, aliyelea huipokea, na kamba ikishapita kutoka mkono huu kwenda mkono ule, yule mwanamke si mama tena. Anakuwa mtu wa kusalimiwa. Kwa sababu hiyo Docus alimpigia kaka yake simu Jumatatu.

“Kaka, ukuje na kamera,” alisema. “Nataka picha mbele ya kamba. Nikisha shika ile kamba, mutoto haiko wangu tena. Nataka moja tu, mimi na yeye, wakati niko bado mama yake.”

Nobert akamwambia hilo ni jambo dogo. Kati ya yote yaliyokuwa yakimjia dada yake wiki ile, picha ndiyo peke yake ambayo yeye angeweza kuiweza, na aliishika kwa mikono miwili. Alinunua betri mpya. Akafuta kioo cha mbele kwa shati lake la kanisani. Usiku mzima akapanga: atawasimamisha uani kwenye mibuni, saa nne, jua likiwa juu, mlima nyuma yao.

Alhamisi ikaamka na mvua. Haikuwa ile ya kupita. Ilikuwa mvua iliyokaa, iliyovuta kiti. Nobert alifika Bwera ameloa, kamera ikiwa kavu ndani ya mfuko wa sukari kifuani mwake. Gari la kukodi kutoka Kasese lilikuwa limekwisha fika, limeegeshwa mbele ya mlango kabisa, na chini ya upenu mbuzi mweupe alikuwa amefungwa kwa kamba ya katani.

Alikuja akiwa tayari kumchukia huyo shangazi, na hata hilo halikuwezekana. Hanifah alikuwa mwanamke wa makamo, mtaratibu, aliyesalimia kwa kupiga magoti kidogo na kumwita Docus mama mara tatu katika pumzi moja. Alikuwa amemletea mtoto viatu vyekundu na gauni jipya. Kathembo, mwenyekiti wa kijiji, alikaa pembeni na karatasi yake yenye majina na namba za simu za pande mbili, kofia juu ya goti. Wote walikuwa watu wema. Laiti mmoja wao angekuwa mbaya, Nobert angepata pa kuuweka mkono wake.

Wakangoja mvua. Hanifah aliitazama saa yake, akaona haya, akaifunika kwa mtandio, kisha akaitazama tena. Basi la Kampala lingeondoka Kasese saa sita na halingemsubiri mtu. Mwishowe alisema kwa upole kwamba afadhali picha ipigwe ndani.

Ndani kulikuwa giza. Umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri, dirisha moja lilikuwa limefungwa kwa ajili ya mvua, na mwanga wote wa chumba ulikuwa mlangoni. Nobert akafikiri kama ambavyo mtu yeyote angefikiri: watu wakae kwenye mwanga. Akakiweka kigoda kizingitini, Docus akakaa, mgongo kwa barabara, na Jamira akapanda magotini kwake. Yeye Nobert akarudi nyuma hatua tatu, kabati likamgota mgongoni. Hapakuwa na hatua ya nne.

Docus alikuwa amevaa kitenge chake cha Krismasi. Mtoto hakumvika gauni jipya. Alimvika lile la manjano alilomshonea mwenyewe, lenye mshono uliopinda begani. Jamira alikuwa na furaha. Alijua kuna gari, alijua kuna viatu vyekundu, na alitaka kujua kama kuku wake na yeye atapanda gari. Docus alimjibu kwamba kuku anaogopa gari, akamlaza kichwa chini ya kidevu chake, akaitazama kamera kwa macho ambayo Nobert hakuwahi kuyaona, macho ya mtu anayejitahidi kukaa ndani ya mwili wake kwa dakika moja zaidi.

Nobert akainua kamera. Kwenye kioo aliuona mlango unawaka, na katikati ya mlango kitu cheusi.

Aliifuta kamera, akatazama tena. Kitu cheusi. Akabonyeza, na kamera ikalia mlio wake wa kawaida, ikamwonyesha weusi uleule. Alijua kuna kigurudumu. Alijua, mahali fulani kwenye zile alama tisa, huenda kuna dawa ya jambo hili, na hakujua ni ipi wala kwa nini. Akakizungusha nukta moja, kikaangukia kwa yule mwanamke wa kofia.

Kioo kikabadilika. Kisanduku cheupe kikaruka na kutua juu ya uso wa Docus, kialama cha radi kikaanza kupepesa kwa rangi nyekundu, na chini likatokea neno la Kijerumani ambalo halikuisha. Nobert akaganda. Hajawahi kuona radi kwenye kamera ile. Je, kama linauliza ruhusa ya kufuta? Je, kama alama ya watu wengine inapiga picha kwa namna nyingine, ikazila na zile za zamani? Hii ilikuwa picha moja tu, haina ya pili, na si wakati wa kujifunza. Zimwi likujualo halikuli likakwisha. Akarudisha kigurudumu kwenye mlima, na neno la Kijerumani likatoweka, na yeye akapumua.

Hanifah aliyaona yote. Akatoa simu kubwa mkobani.

“Mzee, simu yangu inapiga muzuri hata kwa giza,” alisema. “Wacha mimi nipige moja, halafu nitatuma.”

Naye Nobert, Mungu amsamehe, akakataa. Akasema simu ya Docus ni ya tochi, haipokei picha, itatumwa wapi. Akasema kamera ipo, kazi ya kamera iachiwe kamera. Si kiburi kitupu kilichosema hivyo. Ilikuwa pia hofu ya mtu ambaye leo ana kitu kimoja tu cha kumpa dada yake, na anaona mkono mwingine unanyooshwa kukitoa badala yake. Hanifah akairudisha simu mkobani, maana alikuwa mgeni, na mgeni mwenye adabu hashindani na mwenye nyumba.

Akapiga mara nne zaidi, zote kwenye mlima. Nje dereva aliwasha gari ili kufuta ukungu kwenye vioo.

“Imetoka?” Docus aliuliza.

Kioo kilikuwa mkononi mwa Nobert, cheusi. Akajiambia kwamba kioo chenyewe kimechakaa, kwamba watu wa studio wana mashine za kuangaza, kwamba haijawahi kumwangusha. Akasema imetoka.

Docus akamshusha mtoto. Akafuta viganja kwenye kitenge chake cha Krismasi, akatoka hadi upenuni, na Hanifah akanyoosha kamba, na Docus akaipokea. Kathembo akasema maneno mawili ambayo mvua iliyafunika. Jamira aliingia kwenye gari mwenyewe, akakaa katikati ya kiti, akasogea kumwachia mama yake nafasi. Alipoona mlango unafungwa na ile nafasi ingali tupu, ndipo alipoelewa, na sauti yake waliisikia mpaka gari lilipopinda kwenye kona ya soko. Docus alisimama mvuani akiwa na mbuzi. Nobert alisimama nyuma yake akiwa na kamera, na kati ya ndugu wale wawili hakuna aliyejua mikono yake ifanye nini.

Kesho yake alikwenda Kasese mjini, kwa Swalik, kijana mwenye studio karibu na stendi. Swalik alichomeka kadi kwenye kompyuta, na picha tano zikajipanga. Zilikuwa picha nzuri sana za gari. Gari lilikaa pale nyuma, nje ya mlango, kila tone la mvua limesimama juu ya boneti, na namba yake inasomeka hadi herufi ya mwisho. Nyuma yake migomba ya ng'ambo, jani kwa jani. Mbele ya hayo yote kulikuwa na kivuli kinene chenye vichwa viwili.

Swalik akaongeza mwanga. Kivuli kikawa kijivu, kikawa uji, na ndani ya uji hakukuwa na jicho wala mdomo. Akajaribu kwa njia nyingine, akajaribu tena, kisha akaondoa mkono wake, akauliza kamera ilikuwa imewekwa wapi. Nobert akamwonyesha mlima, akamweleza kwamba ndiyo alama ya watu wa kwao.

“Mzee, hii alama si ya watu wa mlima,” Swalik alisema, na hakucheka, Mungu ambariki. “Ni ya kupiga mlima. Hapa kamera inazima taa yake na inatafuta kitu iko mbali. Watu wakikuwa karibu, inawaruka.”

Akaichukua kamera, akakizungusha kigurudumu nukta moja, kwa mwanamke wa kofia, akamwelekezea Nobert. Radi ikapiga. Kisha akamgeuzia kioo, na Nobert akajiona mwenyewe ameketi kwenye kile chumba cha studio chenye giza, kila mvi, kila mkunjo, na maji yaliyokuwa yamejaa machoni yakimeremeta. Nukta moja. Kidole chake kilikuwa pale. Kilikuwa pale kabisa, akakiondoa.

Wiki mbili alimkwepa dada yake. Docus alipiga simu, akaambiwa umeme wa studio ni mbovu. Akapiga tena, akaambiwa karatasi zimekwisha. Mwongo asiye na uzoefu anachoka haraka kuliko mlima umchoshavyo mbebaji. Mwishowe Nobert aliomba kwa Kathembo namba ya Hanifah, akampigia akiwa kwa Swalik, akaeleza kwa aibu bila kueleza yote. Hanifah hakumkumbusha habari ya simu yake. Alisema mtoto hajambo, wiki ya kwanza alilia, sasa anacheza na wenzake, na jioni ileile akatuma picha kwenye simu ya Swalik. Swalik akaichapa kubwa na kuitia kwenye fremu ya kioo.

Ilikuwa picha ambayo Nobert hakuwahi kupiga ya namna yake. Jamira alisimama kwenye kibaraza kilichopakwa chokaa, amevaa gauni la shule na mtandio mweupe, meno yote nje, na kila unywele wa nyusi zake ulionekana. Nobert aliifunga kwenye gazeti na kupanda gari la Bwera akiwa na tumaini dogo ambalo aliogopa hata kulitazama.

Docus alikuwa akianika maharage. Aliifungua fremu mlangoni, palepale kizingitini, na kuitazama muda mrefu, huku kidole chake kikipita juu ya kioo bila kugusa.

“Amenenepa,” alisema. “Wanamupaka mafuta muzuri.” Kisha akaigeuza fremu, akatazama nyuma yake, ambako hakukuwa na kitu. “Na ile yetu?”

Basi Nobert akasema yote. Alisema habari ya mlima, na ya mwanamke wa kofia, na nukta moja, na simu aliyoikataa, na uongo wa umeme. Alisema akiwa amesimama, na alitamani apigwe. Docus alisikiliza mpaka mwisho. Hakukasirika, na kama angekasirika Nobert angepata pa kuanzia kuomba msamaha.

“Sasa hii si ungeweka ukutani?” Nobert alimsihi. “Si ni yeye? Tazama anavyocheka.”

“Ninaona,” alisema Docus. “Anachekea mutu mwenye kushika simu. Huyu ni mutoto wao, kaka. Mimi nilitaka wangu.”

Akairudisha ile picha kwenye gazeti lake, akaikunja vizuri kwenye pembe, akampa kwa mikono miwili, kama mtu anavyorudisha kitu cha jirani. Nobert akaipokea.